Kaka anataka kuzichoma picha za mama za Uingereza

Assalamu alaykum Bi Mshauri,

Naomba unisaidie kabla jambo hili halijatuvuruga. Mimi ni mtu mzima, mama wa watoto wakubwa, naishi Tanga. Mama yetu mzazi alifariki mwaka jana, Mwenyezi Mungu amrehemu. Siku tunagawa nguo zake, mimi na mama mdogo tulikuta chini kabisa ya sanduku kopo la biskuti limefungwa kwa kipande cha kanga. Ndani mlijaa picha, za rangi na za nyeusi na nyeupe, zote za Uingereza.

Kwamba mama aliwahi kuwa nesi huko tulijua. Aliondoka mwaka 1963 akiwa na miaka 20, akarudi 1970, akaolewa na baba. Lakini habari yenyewe alikuwa akiikata kwa maneno machache: alikuwa Halifax, kulikuwa na baridi, akarudi nyumbani. Ukimdadisi zaidi anakutuma dukani. Picha hizi hakutuonyesha hata siku moja.

Ziko za aina mbili. Kuna za mji: barabara za mawe zinazopanda mlima, nyumba nyeusi zilizoshikana, mabomba marefu ya viwanda yakitoa moshi, na soko moja kubwa la mawe lenye uwanja katikati, uwanja umejaa malori na makreti ya mboga. Na kuna za matembezi ya pwani, hizo ndizo nyingi. Blackpool, Morecambe, Scarborough, Whitby. Nyuma ya kila moja mama ameandika kwa wino, mwandiko wake ule ule wa kulalia kulia. Ipo ya Morecambe, yeye na msichana mwingine mweusi wamekaa kwenye viti vya turubai, makoti yamefungwa hadi shingoni, na nyuma yake: "Mimi na M. Upepo!" Ipo ya Scarborough, amesimama majini, gauni amelikusanya mpaka magotini, anacheka mdomo wazi. Na ipo ya Blackpool, yuko peke yake mchangani, nyuma yake ule mnara mrefu, gauni la mikono mifupi, kichwa wazi, nywele amezichana zikasimama. Nyuma kaandika: "Blackpool, Septemba 1966. Zamu imekwisha." Karibu na miguu yake kimefika kivuli cha aliyekuwa anapiga picha.

Kaka yangu mkubwa ni mtu wa dini, anasomesha madrasa, na tangu baba afariki yeye ndiye tunayemsikiliza. Amezitazama mara moja tu akasema zichomwe zote kabla ya hitma ya mwaka. Anasema mama tuliyemjua sisi hakutoka mlangoni bila buibui, na kuziweka picha hizi ni kumvua nguo akiwa kaburini. Tena amekitazama kile kivuli akasema ni cha mwanamume, mrefu, mwenye kofia. Tangu siku hiyo mama akitajwa yeye hunyamaza. Mama mdogo kwa upande wake anasema, "Dada yangu angetaka zichomwe angezichoma mwenyewe, jiko alikuwa nalo." Kopo liko kwangu, na kila mmoja anajua liko kwangu.

Kijana wangu anasoma Leeds. Nilimtumia chache kwa simu, naye akapanda treni kwenda Halifax kutafuta mahali zilipopigwa. Akaniambia, "Mama, mtaa ndio huu lakini jengo silo, la kwenye picha ni jeusi na hili lina rangi ya mchanga." Sasa ananiomba niende mwakani wakati wa joto, tuzunguke naye miji yote ile tukiwa na picha mkononi. Nauli ningeitoa katika fungu langu la mirathi. Kaka anasema fungu hilo lingechimba kisima kwa jina la mama.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Mimi mama yangu sikumwona akicheka vile, mdomo wazi, katika miaka yote ya kuishi naye. Usiku nazitoa zile picha nazitazama, najiuliza kama furaha yake aliiacha kule, na sisi tukapata kilichobaki. Nazipenda picha hizi na wakati mwingine nazichukia. Nifanye nini?

Binti wa Nesi, Tanga

—

Wa alaykum salaam dada yangu. Pole kwa kufiwa na mama. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila nikiisoma naona kopo hilo limebeba mambo matatu ambayo kwenu nyumbani yamekuwa jambo moja. Kuna stara ya marehemu, ambayo ndiyo hoja ya kaka. Kuna safari, ambayo ndiyo hamu ya kijana wako na kwa sehemu yako pia. Na kuna lile la usiku, ulilolitaja mwisho. Niruhusu nianze na hilo la mwisho, kwa sababu nahisi ndilo linalokufanya ushindwe kuamua hayo mengine.

Unasema hukumwona mama akicheka vile. Nakuamini. Lakini tazama tena alichoandika nyuma ya picha ya Blackpool: zamu imekwisha. Miaka ile kamera ilikuwa kitu cha matembezi. Filamu ilinunuliwa, ikalipiwa tena kusafishwa, mtu hakuimalizia wodini saa tisa usiku akiwa na beseni mkononi. Ulicho nacho ndani ya kopo ni siku za mapumziko za mama yako zikiwa zimekusanywa pamoja, na siku za kazi hazimo. Ukizipanga kitandani zinaonekana kama maisha mazima. Kumbe ni vile vipande vya pembeni: Jumamosi moja hapa, Jumatatu ya sikukuu pale.

Hizo siku zisizomo zilikuwaje, mimi sikuwepo, lakini yako mambo yanayojulikana kuhusu wasichana waliokwenda kusomea unesi kule kutoka Karibiani, Afrika na kwingineko. Wengi waliingizwa katika mafunzo ya miaka 2 yaliyotoa cheti cha chini, badala ya yale ya miaka 3 yaliyomfanya mtu kuwa nesi kamili. Baadhi hawakuelezwa tofauti. Waliporudi makwao, katika nchi nyingi cheti kile hakikutambuliwa, ikabidi waanze upya. Hukuandika mama alifanya kazi gani aliporudi mwaka 1970. Kama alianzia chini, kama alikuwa akiwasaidia watu aliowazidi ujuzi, basi huenda "palikuwa na baridi" ilikuwa namna yake ya kufunga mlango ambao nyuma yake palikuwa na machungu. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema usikubali haraka kwamba kimya chake kilikuwa kimya cha mtu anayetamani kurudi.

Na hata matembezi yenyewe hayakuwa mepesi kama yanavyoonekana. Mpaka sheria ya mwaka 1968 ilipopitishwa Uingereza, mwenye nyumba aliweza kumkataa mpangaji kwa ajili ya rangi yake na asishtakiwe kwa hilo. Mama na M. wamekaa pale Morecambe mwaka ambao hukunitajia. Hao ni wasichana wawili weusi katika mji wa pwani uliozoea kupokea wafanyakazi wa viwandani kutoka miji kama hiyo hiyo Halifax. Kama walilala huko, waligonga milango mingapi kabla ya kupata chumba? Kama walirudi na treni ya jioni, ni kwa sababu ya zamu ya asubuhi au kwa sababu nyingine? Picha haisemi. Kicheko chao ni cha kweli, sina shaka nacho. Ila kinaweza kuwa kicheko cha mtu aliyeipata siku yake kwa taabu, na mtu wa namna hiyo hacheki kwa sababu mahali ni pazuri tu.

Kuna kitu kingine nilichokiwaza, nikuachie ukipime. Halifax iko mbali na bahari. Mama yako, kama sikosei, ni mtu wa Tanga, mji wa bahari. Mnamwona amekaa kwenye upepo ule, mbele ya maji ya kijivu, amefunga koti hadi shingoni, na mnashangaa amefuata nini. Mimi nilipofika kwenye ile ya Scarborough, ameingia majini na gauni mkononi, sikuona msichana aliyewasahau wa nyumbani.

Sasa kivuli. Naandika kwa heshima kwa kaka yako, kwa sababu naona kimemuumiza. Kamera nyepesi za wakati ule zilikuja na maelekezo: jua liwe nyuma ya mpigaji. Ufukwe wa Blackpool unatazama magharibi. Ukitaka mtu na mnara nyuma yake lazima uelekee mjini, yaani mashariki, na alasiri jua linakuwa mgongoni kwako. Kivuli chako kinaanguka mbele. Na kule kaskazini jua halipandi juu kama la kwetu. Hata saa sita mchana mwezi wa Septemba kivuli cha mtu kinamzidi urefu, na alasiri kinanyooka zaidi. Kwa hiyo urefu wa kivuli kile hautuambii chochote kuhusu urefu wa mtu. Kofia nayo, kwa upepo wa pale, huvaliwa na kila mtu. Uliniandikia kwamba M. yumo katika picha nyingine, na katika hii mama yuko peke yake. Marafiki wawili wenye kamera moja hupokezana. Huenda ni M. Huenda ni mwingine, na huenda ni mwanamume kweli. Mwaka 1966 mama yako alikuwa na miaka 23, hajaolewa, hana ahadi na mtu ambayo mnaijua. Hata kama ni mwanamume, alichofanya katika picha hiyo ni kusimama mbali akabonyeza kitufe. Kaka amejenga juu ya kivuli hicho habari ambayo haina shahidi, na nadhani moyoni analijua hilo, ndiyo maana ananyamaza badala ya kusema.

Lakini nisimwonee. Hoja yake ya stara haitegemei kivuli, nayo ni nzito. Mama alichagua kujisitiri maisha yake yote mliyomjua, na aliyekufa hawezi kutetea chaguo lake. Angekuwa mtu wa kuzionyesha, angezionyesha. Ninyi wenyewe mnakumbuka jinsi alivyowatuma dukani. Mama mdogo naye ana lake: aliyeweza kuzichoma kwa miaka zaidi ya hamsini hakuzichoma, tena aliziandika nyuma, akazifunga kwa kanga. Hoja zote mbili zinamsoma mtu yule yule na zote zina ushahidi. Nikikuambia moja imeishinda nyingine nitakuwa nimekudanganya.

Ninachoweza kukuonyesha ni kwamba si lazima picha zote zihukumiwe pamoja. Umesema ziko za mji. Barabara, viwanda, soko. Hizo hazina mwili wa mtu ndani yake, na sioni kaka atazidai kwa hoja ipi. Zitenge kwanza, mbele yake, aone kwamba unamsikiliza. Zinazobaki ni za mama mwenyewe, na hapo kuna njia kadhaa. Zinaweza kuwekwa katika bahasha iliyofungwa, chini ya wanawake wa familia peke yao. Zinaweza kupelekwa kwa mwanachuoni ambaye kaka na wewe nyote mnamwamini, mkaeleza kisa chote, si nusu yake. Wengine huchagua kubaki na zile alizofunga koti. Na kuchoma kuko palepale kama njia, siiondoi, ila hiyo ndiyo njia pekee ambayo mkijuta hamna pa kurudi. Hitma ya mwaka ni siku ya dua. Sioni kwa nini iwe siku ya mwisho ya kuamua jambo hili, na unaweza kumwomba kaka aitenganishe hiyo tarehe na kopo. Kusubiri nako kuna hatari yake, tusijifiche: jambo likikaa bila kusemwa linaweza kuwa kinyongo, na siku moja mtu akafungua kopo wewe haupo.

Kuna hatari nyingine ambayo nadhani kaka ameihisi bila kuitaja. Umeshazituma chache kwa simu. Kijana wako ana nia njema, lakini picha ikishaingia kwenye kundi moja la WhatsApp imetoka mikononi mwenu. Wapo watu kule wanaopenda sana picha za zamani za miji yao, na picha ya msichana Mwafrika akiwa Halifax mwaka 1965 wangeifurahia. Mwambie asubiri. Kumbuka pia kwamba M. naye ana sura yake humo. Huenda yu hai, bibi wa miaka themanini na kitu, na hajaulizwa.

Wakati mnaendelea kuzungumza, zitunzeni. Hewa yetu ya pwani inaleta ukungu, na picha za rangi za miaka ile hupoteza rangi mpaka zikabaki za wekundu. Ziondoe kwenye kopo, usizitie kwenye mfuko wa nailoni, weka kila moja katika bahasha ya karatasi, kabatini, mahali pakavu, mbali na ukuta wa nje. Kama zipo zilizogandishwa kwenye albamu ya gundi, usizibandue kwa nguvu. Na maandishi ya nyuma yapige picha pia, kwa sababu hayo hayana utata wa stara hata kidogo na ndiyo sauti ya mama iliyobaki.

Safari. Kijana wako alisema jengo silo. Nadhani ndilo. Miji ile ilijengwa kwa jiwe la mchanga, likawa jeusi kwa masizi ya makaa ya mawe ya viwandani na majumbani. Sheria ya hewa safi ilitungwa mwaka 1956, moshi ukapungua, na katika miaka iliyofuata majengo mengi yakasafishwa, rangi ya jiwe ikatokea. Mama alikuwa huko kabla mengi hayajaoshwa. Lile soko la malori na makreti nadhani ni Piece Hall, jengo la mwaka 1779 lililojengwa kuuzia vitambaa vya sufu, na katika miaka ya mama lilikuwa soko la jumla la mboga na matunda. Lilifunguliwa upya mwaka 2017 baada ya kukarabatiwa, na leo uwanja huo huo una mikahawa na maduka. Kiwanda kikubwa cha mazulia cha Dean Clough kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, sasa ni maofisi. Ukienda Morecambe, magati mawili yaliyokuwapo wakati wa mama hayapo: moja lilivunjwa na dhoruba mwaka 1977, jingine likabomolewa 1992. Hoteli nyeupe ya Midland ya mwaka 1933 ipo. Mnara wa Blackpool upo, magati matatu yapo, tramu bado zinapita mbele ya bahari. Ngazi 199 za Whitby bado zinapandwa.

Nakueleza haya ili ujue unachokwenda kukutana nacho. Utasimama mahali pengine ukamkuta mama kabisa, na pengine utasimama na picha mkononi usione kinachofanana. Ukienda ukitafuta ile furaha uliyodhani aliiacha kule, naogopa utarudi na uchungu zaidi. Ukienda kutazama mahali msichana wa miaka 20 alipojitafutia maisha peke yake, hiyo ni safari nyingine. Na pesa ni yako, fungu la mirathi ni haki yako, lakini hoja ya kisima usiitupe kwa sababu imetoka kwa kaka mliyegombana naye. Ingetoka kwa mtu mwingine ungeionaje? Nauli, viza na malazi ya wiki chache Uingereza si pesa ndogo, na kijana wako anaweza kukutembeza kwa simu mtaa kwa mtaa ukajua kwanza kama moyo wako unataka zaidi ya hapo.

Kabla hujakaa na kaka, kaa na mama mdogo. Mchukue kopo, mchague picha chache, umwache aongee. Jambo moja limenishangaza katika barua yako: mama aliandika nyuma ya zile picha kwa Kiswahili. "Zamu imekwisha." "Upepo!" Huenda hata M. asingeelewa, wala mtu yeyote wa Halifax. Alikuwa anamwandikia nani? Mama mdogo alikuwa nyumbani miaka yote ile barua zikiingia. Muulize kama aliwahi kuziona picha hizi zikitoka kwenye bahasha, na nani aliyasoma maandishi yake kwa sauti, na bibi yenu alisema nini. Kama ziliwahi kupita mikononi mwa bibi, kaka anahitaji kulisikia hilo kutoka kwa mama mdogo mwenyewe, wewe ukiwa umenyamaza kando. Na kama hazikupita, nalo ni jibu.

Niandikie tena ukishaongea naye.

Mshauri wako